Mwaka Niliojiita Devota

Mama Sifa alizikwa Jumamosi, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mimi nikakaa upande wa watu waliokuja kwa gari. Sikuja na gari. Nilipanda boda boda kutoka Kabingo, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, lakini mwanamume aliyekuwa akipanga wageni aliangalia viatu vyangu akaninyooshea kidole kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mbali na mikeka walikokaa wanawake wa mtaa. Nikaenda nilikoelekezwa. Ningeweza kumwambia, "Hapana, mimi ni wa kule mikekani." Nilikaa miaka kumi na sita katika nyumba iliyopakana na ya marehemu, nimesugua masufuria yake, na mama yangu mzazi alifia kwenye kitanda chake. Sikusema. Nina kipaji cha kutosema, na mwaka niliokikuza kipaji hicho ndio ninaotaka kuuandika hapa kabla sijapata kisingizio kizuri cha kuacha. Ya Kivu, kule Kongo, na jinsi tulivyotoka, nayaruka. Yana wasimulizi wake.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mama amekufa, na nilikuwa nimehamia Mbarara kutafuta kazi. Kwenye mlango wa duka moja la fotokopi mtaa wa Kakoba niliona karatasi imebandikwa: anatakiwa mtu wa kupokea simu za wateja, ajue Kiswahili safi cha Tanzania. Mimi Kiswahili safi nilikuwa nacho. Nilikipata redioni, miaka yote ile kambini, nikirudia maneno ya watangazaji huku nikipeta maharage, hata wenzangu wakanicheka kwamba nataka kuolewa na redio. Tajiri wa kazi aliitwa Hamza, kijana wa Kiislamu wa hapo hapo Mbarara, ambaye familia yao ilikuwa ikiuza vitambaa. Aliniuliza natoka wapi. Nikajibu, "Bukoba." Neno lilitoka kabla sijalituma. Akaniuliza jina, nikasema Devota, kwa sababu kulikuwa na Devota mmoja wa Bukoba aliyekuwa akituma salamu redioni kila Jumapili, na nilimwona kama mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Hamza akaandika. Ndivyo nilivyokuwa Devota, na sitadanganya kwamba iliniuma. Siku ile nilitembea Kakoba nzima nikijisikia mrefu. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumuuliza Devota karatasi zake za ukimbizi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo siku nzima tulisikia waendesha boda boda wakigombania bei ya mnyororo, na harufu ya tairi mpya ilikaa kwenye nguo zangu mpaka Jumapili. Mlikuwa na meza mbili, birika la umeme, simu tatu na kompyuta ya Hamza, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Humo ndani alikuwa ametengeneza programu aliyoiita Orodha. Haikuwa na makuu: mtu aliiweka kwenye simu yake, kisha akaandika humo majina ya watu wake. Shule za watoto wadogo ziliitumia, madrasa, makanisa, vikundi vya wafugaji. Hamza aliandika programu, mimi nilijibu wanaolia. Saa saba mama yake alituletea matoke na mchuzi wa karanga, Ijumaa pilau, na chai ilikuwa ya maziwa matupu, maana Mbarara maziwa hayana uchoyo. Yule mama alikuwa akiniambia, "Kula, Devota, wewe uko mbali na kwenu." Nilikula. Nikimkumbuka sasa naona aibu, hasa kwa zile sahani za Ijumaa.

Kazi yenyewe niliiweza vizuri. Wateja wengi hawakuwa na salio, kwa hiyo walibipu, nasi tukawapigia. Kila simu niliiandika kwenye daftari la Hamza: nani, shida gani, nimemjibu nini, na mwisho hali yake, bado au imekwisha. Ukutani palikuwa na karatasi ya maswali tuliyopaswa kumuuliza kila mteja, na la kwanza, kwa herufi kubwa, lilikuwa kama amehifadhi nakala. Majina yalikaa ndani ya simu tu. Ukiifuta programu bila kuwa na nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, umefuta na watu wote. Hamza alinifundisha hilo siku ya kwanza, akanifundisha tena siku ya pili, na ya tatu akanifanyia mtihani.

Nilipokuwa na miezi saba pale, alikuja mwalimu mkuu wa shule moja ya Ruharo, mama wa heshima mwenye hijabu ya rangi ya kahawia na miwani ya mnyororo. Alitaka kuona kabla ya kununua. Hamza hakuwa na mteja mkubwa kama yule, na tangu asubuhi alikuwa amefuta meza mara tatu. "Devota, wewe sikia," akaniambia. "Kastoma ya kwanza atabipu, wewe napiga, naweka kwa spika. Madamu hapa anataka kusikia vile sisi nasaidia watu. Hapana ogopa." Sikuogopa hata kidogo. Nilipenda sana kusikilizwa. Simu ikabipu, nikapiga namba ile, nikaweka spika, nikasema kwa sauti yangu ya redio, "Orodha, Devota anaongea, nikusaidie nini?"

"Allo? Jambo yenu. Ni kule kwa bantu ba Orodha?" Niliijua sauti ya Mama Sifa kabla hajamaliza salamu. "Hapa ni Nakivale, miye ni sekretere wa kanisa. Orodha yangu inanikatala. Nafungula, inakuwa tu mweupe, kisha inajifunga yenyewe. Tangu jana." Nikamwambia pole, mama. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile aliyokuwa akiniitia uani nikachukue makaa. "Ngoja kwanza. Hii sauti minaijua. Haiko weye Nabintu? Nabintu wa Esta?"

Mwalimu mkuu aliinua macho. Hamza alitabasamu, kama mtu anayesubiri kuona mteja mgumu anavyotulizwa. Niliona kila kitu kikining'inia pale: chumba changu cha kupanga, matoke ya mama Hamza, hata urefu wangu barabarani. Nikasema, "Hapana, mama, umekosea. Mimi ni Devota." Nilisema kwa upole sana. Ndilo linalonichoma zaidi, ule upole, kwa sababu niliutoa mtungini mwangu kama ninavyouchota kwa mteja yeyote. Upande wa pili nikasikia kuku, nikasikia mtu akipasua kuni. Kisha akasema, "Ah. Pardon, madame. Ni masikio ya buzee." Tangu hapo akaniita madame.

Nilitaka simu ile iishe. Kila swali lilikuwa mlango wa yeye kuingia tena, na lile la kwanza ukutani lingetaka maelezo marefu ya kadi ni nini na inakaa wapi. Nikaliruka. Nikamwambia afute programu, kisha aiweke upya. "Nifute?" akauliza. "Na bantu bangu bamo ndani? Habatapotea?" Nikamjibu, "Watakuwepo, mama, usiwe na wasiwasi." Sikujua kama watakuwepo. Nilijua kwamba sijui. Akanishukuru, akakata. Mwalimu mkuu alimgeukia Hamza akasema binti huyu ana subira, na kabla ya chai kupoa akawa amekubali. Kwenye daftari niliandika: imekwisha.

Niwaeleze watu wake walikuwa akina nani. Kanisa la kijiji chetu kule Kivu lilikuwa na kitabu cha ubatizo, ndoa na vifo, na kitabu kile kiliungua pamoja na kanisa. Mama Sifa, alipofika Nakivale na kukuta nusu ya kijiji imetawanyika kwenye mitaa ya kambi, alianza kukiandika upya kutoka vichwani mwa watu. Alikwenda nyumba kwa nyumba baada ya kulima, akakaa, akauliza: mlizaa nani, alibatizwa lini, nani alikufa, mlimzika wapi. Wazee waliokuwa karibu kuondoka aliwapa kipaumbele. Wengine walikuwa wakipewa safari za kwenda Amerika na Kanada, aliwawahi kabla ya basi. Aliandika yote kwenye simu aliyopewa na kanisa, kwa kidole kimoja. Hakukuwa na nakala popote. Niliyajua hayo yote wakati ule nikiwa nimekaa na spika yangu.

Siku ya pili akabipu tena. Hamza alikuwa msikitini. "Madame," akasema, "nimefanya vile mulisema. Iko tu fasi ya kuandika. Bantu habako." Hakulia wala hakunilaumu. Nikamwambia tutalishughulikia, nikakaa nikiliangalia daftari, na Hamza aliporudi nikamwambia mteja wa Nakivale amefuta programu mwenyewe bila kutuuliza. Nikaliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri. Nilidhani yataishia hapo. Lakini Hamza alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwenye programu mwingine tangu hapo. Alikaa, akavua kofia, akasema, "Hata kama yeye alifuta, programu ni ya mimi. Mtu akipoteza kitu kwa mkono yetu, sisi hapana tuma meseji. Tunaenda kwake, tunakaa chini, tunakula chakula yake. Ni kama kilio." Nilimwambia ni mbali. Nikamwambia nina homa. Akasema, "Kale, sawa, tutaenda Alhamisi, homa itakuwa imepona." Akanunua kilo mbili za sukari, sabuni na pakiti ya majani ya chai, vile vile wanavyonunua kwao wakienda kumpa mfiwa pole, akampigia Mama Sifa kumwambia tunakuja, akaazima gari la kaka yake.

Njia nzima kupita Kabingo nilijifunga kitambaa kichwani, nikakishusha. Nyumba ya Mama Sifa ilikuwa imefagiliwa mpaka nje ya uzio. Alikuwa ameazima viti. Alitoka mlangoni akijifuta mikono, akamsalimia Hamza, kisha akanigeukia. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamesimama kwenye uzio wa mihogo, na mmoja akaanza, "Eh! Nabi..." Mama Sifa akamkata kabla hajafika mwisho. "Ni wageni ya telefone. Mubaache bakule." Akanipa mkono, mkono mmoja kwa adabu ya wageni, huku mwingine umeshika kiwiko. "Karibu, madame. Unaitwaka nani?"

"Devota, mama."

"Devota. Jina nzuri. Weye ni mutu wa wapi?"

"Wa Bukoba."

"Umekuja mbali," akasema, akanivutia kiti.

Alininawisha mikono yeye mwenyewe. Nyumba ile nilikuwa mtu wa kuchota maji, na sasa nimekaa kwenye kiti cha kuazima naye ameinama mbele yangu na jagi. Alikuwa amepika bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa kwetu. Hakuweka nyama, kwa sababu alisikia jina la Hamza kwenye simu akafikiri asije akamtia mgeni mashakani juu ya aliyechinja. Hamza aligundua, akashukuru, akala kwa moyo. Mimi nilitafuna. Sombe ilikuwa imetiwa karanga kama nilivyokuwa nikiipenda, na mtu wa Bukoba hakupaswa kujua kwamba hiyo ilikuwa makusudi. Hamza akasema, "Mama, tumekuja kusema pole. Devota ameniambia wewe ulifuta kwa bahati mbaya." Mama Sifa aliniangalia mara moja, kisha akaangalia sahani. "Ndiyo," akasema. "Ni miye nilifuta. Hakuna mwenye alinituma."

Hapo ningeweza kusema. Nimerudi kwenye kiti kile mara nyingi usingizini na mchana, nikasema kila mara. Lakini siku yenyewe nilichukua ndagala mwingine. Mama Sifa alileta daftari la shule alilokuwa ameanza upya, akamwonyesha Hamza kurasa zilizojaa mpaka pembeni. "Nyumba mingi nimeshajaza tena. Bantu banakuja, banakaa hapa, banasema, naandika. Iko nyumba moja tu inanishinda. Mama yao alikufia humu, mu kitanda yangu. Mbele ya kufa alinipa majina siku mbili, moja moja, mpaka ya batoto benye balikufa mu njia. Sasa kichwa yangu haikubakia na yote. Alibakisha binti moja. Banasema iko Mbarara."

Nazikumbuka siku zile mbili. Nilikuwa uani natwanga majani ya muhogo, na kupitia dirishani nilimsikia mama akinong'ona na Mama Sifa akirudia taratibu, akiandika. Nilitwanga kwa nguvu zaidi, kwa sababu sikutaka kusikia mtu akifunga hesabu ya maisha yake. Nilijiambia kwamba yameandikwa, nitayasoma siku nikiwa na moyo. Hamza akaweka mkono kifuani. "Mbarara ni kwetu. Sisi tutatafuta huyo binti. Anaitwa nani?"

Mama Sifa, aliyekuwa akijua majina ya kijiji kizima, na ya wajukuu wa kijiji kizima, aliniangalia. Alinipa muda. Nilisikia muda ule ukipita, nikasikia maji yakichemka jikoni. Kisha akasema, "Nimesahau."

"Si neno," Hamza akasema. "Devota, wewe andika. Tutauliza hata kwa redio." Nikafungua begi, nikatoa daftari la wateja, nikaandika kwa mkono wangu: kumtafuta binti wa marehemu, anaishi Mbarara. Hali: bado. Hamza alilifuatilia kweli. Alimuuliza kila Mkongo aliyekuja kununua kitambaa dukani kwa baba yake, na kila Jumatatu akaniuliza, "Yule binti?" Nami namjibu kwamba bado. Baada ya wiki tano au sita aliacha kuniuliza, nikafungua ukurasa ule, nikakata neno bado, nikaandika: hajapatikana.

Niliacha kazi mwaka ulipoisha. Hamza aliniandikia barua ya sifa ambayo mpaka leo sijaweza kuitumia, maana inamsifu mtu asiyekuwepo. Tangu wakati huo nimefanya kazi ya kuhudumia wateja wa programu za watu wengine, kwa jina langu halisi, na nimekuwa mkali sana juu ya nakala. Wasichana ninaowafundisha wananiona mchawi. Kwa Mama Sifa nilirudi baada ya miaka minne, kisha mara moja moja. Nilimpelekea kitenge, nikampelekea dawa ya magoti. Aliniita Nabintu, akanikalisha mkekani, hakuniuliza kitu. Aliniachia mimi nianze. Tuliongea habari za mihogo na mvua, nikaaga, akanisindikiza mpaka njiani, na kila mara nikajiambia nitalisema nikija tena.

Jumamosi, watu walipoanza kutawanyika, Katekista Paulo alinifuata kwenye viti vya plastiki. Ni mtu wa makamo, amefika Nakivale baada ya mimi kuondoka, hanijui. Alikuwa amesikia kwamba mama wa Mbarara anafanya kazi ya kompyuta. Akaniomba niyaingize majina ya Mama Sifa mahali ambapo hayatapotea. Nikabeba madaftari manne mpaka nyumbani, na wiki nzima nimekuwa nikiyaandika, nikihifadhi nakala kila baada ya kurasa mbili. Mama Sifa alibana karatasi sana. Familia tatu, nne, kwenye ukurasa mmoja, watoto wengine wameandikwa kwa wima pembezoni. Kwenye daftari la pili nimefika penye ukurasa ambao juu yake kuna jina la baba yangu na la mama, Esta, na chini yake hakuna kitu. Aliuacha mzima. Miaka kumi na mitatu hakuutumia kwa mtu mwingine.

Nimejaza. Ndugu yangu Yohana, na mwaka aliozaliwa. Mapendo, pacha wangu, na mahali tulipomzika. Nimejiandika mimi. Kisha nikafika kwa mtoto aliyezaliwa njiani, kabla hatujafika ziwani, akaishi siku chache. Nilikuwa mdogo, najua alikuwepo kwa sababu namkumbuka mama akiwa na kitu kifuani na baadaye akiwa hana. Kwangu mama hakuwahi kumtaja. Alimtaja mara moja, kwa Mama Sifa, kitandani, naye akaandika kwa kidole kimoja. Nimepiga simu Kanada, nimepiga Amerika, kwa watu waliotembea nasi. Wananiambia walikuwa watoto wengi. Mmoja aliniuliza kwa nini sikumuuliza Mama Sifa alipokuwa hai.

Programu haikubali nafasi ya jina ibaki tupu, kwa hiyo nimeandika, mtoto. Chini yake kuna sehemu ya maelezo, ambayo kwa watu wengi nimeiacha. Hapo nimeandika: Jina lake mama yake alilisema, nalo likaandikwa. Nililifuta mimi, Nabintu wa Esta.